Nyota wanne au nyota nne?

Swali: Ninaandika makala kuhusu tamthilia za televisheni zinazosimulia urafiki wa wanawake. Mhariri amebadili "nyota nne" kuwa "nyota wanne", lakini "rafiki zake" ameliacha lilivyo. Je, hajajipinga? Na je, wahusika hao naweza kuwaita mashoga?

Jibu: Hajajipinga. Nyota na rafiki yote ni majina yenye umbo la ngeli ya I-ZI, lakini jina la umbo hilo likimtaja mtu, kitenzi, kivumishi na idadi huchukua upatanisho wa A-WA. Kwa hiyo Bea Arthur, Betty White, Rue McClanahan na Estelle Getty, walioigiza katika tamthilia ya Marekani The Golden Girls kuanzia mwaka 1985 hadi 1992, ni nyota wanne waliong'aa. Nyota nne zilizong'aa ni za angani.

Kinachotatiza ni kimilikishi (-angu, -ako, -ake na kadhalika). Majina ya ujamaa na ukaribu, kama vile rafiki, ndugu, mama na shoga, hubaki na vimilikishi vya I-ZI hata pale maneno mengine ya sentensi yanapofuata A-WA, na ndiyo sababu twasema "rafiki zake wamefika". Neno nyota halimo katika kundi hilo, kwa kuwa halitaji uhusiano. Tutaandika "tamthilia hiyo na nyota wake". Ukiandika kwamba mwigizaji Queen Latifah alipata umaarufu zaidi kwa tamthilia ya Living Single "na nyota yake", msomaji ataelewa bahati yake, jambo ambalo pengine ni kweli ila silo ulilokusudia.

Jihadhari pia na kiunganishi -a, ambacho hakifuati mkondo wa vimilikishi. Getty aliigiza mama wa Dorothy, mhusika wa Arthur (ingawa Getty, kwa kweli, alikuwa mdogo kwa Arthur kwa zaidi ya mwaka mmoja). Waweza kuandika "mama yake" au "mama yake Dorothy", lakini "mama ya Dorothy", sawa na "rafiki ya Dorothy", ingawa husikika sana katika mazungumzo, haifai katika makala.

Kuhusu shoga, sarufi peke yake haitoshi. Kwa asili ndilo neno ambalo mwanamke humwitia mwanamke mwenziwe walioshibana, nalo lingefaa kufasiri jina la Girlfriends, tamthilia ya Marekani ya mwaka 2000 hadi 2008 aliyoigiza Tracee Ellis Ross, kuliko "rafiki wa kike", ambalo likitoka kinywani mwa mwanamume wengi husikia mpenzi. Lakini kwa wasomaji wengi wa leo shoga ni mwanamume anayependa wanaume wenziwe, na wingi wake, mashoga, umeelemea maana hiyo kiasi kwamba makala yako ingesomwa visivyo tangu kichwani. Ningelitumia katika mazungumzo ya wahusika tu, likiwa na kimilikishi: "Njoo, shoga yangu, unieleze." Hapo mwanamke anasema na mwanamke, na maana ile nyingine haipati nafasi. Katika sauti yako mwenyewe, andika "marafiki", au "marafiki wa chanda na pete" ukitaka kuonyesha walivyoshibana. "Shosti" nalo ni la mitaani, na makala rasmi hayalihitaji.