Kabla hujatia hela kwenye duara, uliza marudio ni ya nani

Dhahabu ikipanda bei tu, simu za watu wa maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, zinaanza. Kaka, kuna duara huku Geita, wanakaribia mwamba wenye dhahabu, wanatafuta mtu wa kuwasapoti. Swali langu huwa ni moja: marudio ni ya nani? Wengi hunyamaza, maana neno lenyewe hawajawahi kulisikia.

Lugha ya machimbo imeokota maneno ya Kiingereza na kuyafinyanga upya. Karasha ni mashine ya kusaga mawe. Matimba ni magogo yanayoshikilia kuta za duara zisiporomoke. Rashi ni pale watu wanapokimbilia eneo jipya baada ya kusikia limetema dhahabu. Halafu kuna VAT, ambayo si ile kodi ya TRA (hiyo ya asilimia 18 wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 2019). VAT ya machimboni ni tangi kubwa la kuloweka mchanga kwa sayanaidi. Na humo kwenye tangi ndimo hela ya mgeni inapopotelea.

Iko hivi. Mawe yenu yakishasagwa, unga unaoshwa kwenye mwalo. Maji yanateremka juu ya ubao uliotandikwa magunia, dhahabu nzito inanasa kwenye nyuzi, kisha inakamatwa kwa zebaki. Unaondoka na kipande chako umefurahi. Nyuma yako linabaki rundo la tope la kijivu, halina mng'ao wowote. Hayo ndiyo marudio, na ndani yake kuna dhahabu laini ambayo maji yaliisomba na zebaki haikuishika. Tena si haba: mara nyingi inayobaki ni nyingi kuliko uliyoondoka nayo. Mwenye VAT anajua. Ataloweka, dhahabu itayeyuka, ataikamata kwa kaboni.

Sehemu nyingi mazoea ni kwamba marudio yanabaki kwa mwenye karasha. Kwa hiyo ukisikia mahali wanasaga kwa bei ya kutupa, au bure kabisa, usidhani umependelewa. Malizeni hilo kabla kiroba cha kwanza hakijaingia kwenye mashine. Kama mzigo wenu ni mkubwa, ombeni marudio yenu au mgawane, na iwe kwenye maandishi.

Kuhusu mgawo, mara nyingi machimboni hugawana viroba vya mawe. Mwenye leseni ana vyake, mwenye shamba vyake, wachimbaji vyao. Uliza kama gharama zako zinatolewa kwanza au mnagawana kwanza ndipo kila mtu ajitegemee. Hapo tofauti ni kubwa mno. Uliza pia matimba yananunuliwa na nani. Msimamizi akikwambia yatakuja baadaye, simamisha kazi, hasa masika. Chini kuna watoto wa watu.

Eneo likiwa la rashi, omba kwanza leseni ya uchimbaji mdogo, ile PML, uone jina lililoandikwa, kisha ukaulize ofisi ya madini ya mkoa kama bado iko hai. Hutolewa kwa Watanzania tu, na muda wake ni miaka 7. Ukiambiwa leseni iko kwenye mchakato, hela yako nayo iache kwenye mchakato.