Kwa nyinyi mlioingia ambulensi mkiwa tayari na watoto sekondari

Jana nimeona kurutu mwingine, mzee mwenzangu wa miaka arobaini na kitu, karuka kutoka kwa gari kabla halijasimama vizuri, mkono mtupu, begi limebaki ndani. Namuuliza, ananiambia eti alikuwa anawahi. Unawahi na nini, mzee? Wacha niandike, maana nimechoka kurudia haya kwa kila kundi jipya, na bado nawapenda.

1. Umri hauna cheo huku. Ulikuwa mwalimu, ulikuwa dere wa matatu za Nakuru–Eldoret, ulikuwa mzee wa kanisa, hongera sana. Kwa shifti wewe ni mdogo wa yule msichana aliyeanza hii kazi moja kwa moja kutoka kolej. Mimi wa kwanza nilimwita "mtoto", akanipa mopu na ndoo nikaoshe damu nyuma ya gari.

2. Usiamini tiki za shifti ya usiku kwa orodha ya vifaa. Fungua silinda ya oksijeni uone geji, washa saksheni, ile mashine ya kunyonya damu na matapishi mdomoni, uisikie ikivuta.

3. Nusa kabla hujashuka. Hii barabara yetu mnaijua. Tarehe 31 Januari 2009 pale Sachangwan lori la petroli lilianguka, watu wakaenda kuchota, moto ukashika na zaidi ya 100 wakafa. Na bado naona kurutu anapita katikati ya watu wenye jerikeni na glavu zake za bluu, sijui nani alimwambia glavu haziungui. Polisi wakisema rudi nyuma, rudi.

4. Kila "mlevi" pima RBS, yaani sukari ya damu. Kila mmoja, hata kama ananuka busaa.

5. Handova, yaani kumkabidhi mgonjwa hospitalini. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoungulia.

Ilikuwa usiku, mvua, karibu na Salgaa. Tanboi wa lori mguu umebanwa chini ya dashibodi, damu inaruka. Nikafunga torniketi, ule mkanda wa kukaza kuzuia damu, juu ya goti, ikashika, damu ikasimama, aki nilijiona daktari. Saa sikuandika, nikasema nitaandika tukiwa ndani. Jamaa alikuwa anatetemeka nikamfunika blanketi, nikaingiza na pembe zake chini ya visigino vizuri kabisa. Kufika kazualti sista mmoja, umri wa kifungua mimba wangu, anaandika tu, hanitazami, hajanisalimu, ananiuliza, "Na nini kingine?" Mimi nikaona ni dharau. Nikamwambia ni hayo tu, nikasaini, nikaenda kutafuta chai.

Tuko stesheni tunajaza begi, mwenzangu anashika ile pochi ya torniketi, tupu, ananiangalia. "Uliwaambia lakini?"

Tulipiga simu haishikwi. Tukarudi mbio na ving'ora, na yule kijana tukampata bado yuko kwa foleni ya eksirei na blanketi liko vilevile nilivyolikunja. Ilikuwa imepita zaidi ya saa mbili. Sista akafunua, akaona ule mguu rangi yake, akanitazama. Hakunipigia kelele, na mimi nilitamani apige. Mguu ulikatwa. Daktari aliniambia mfupa ulikuwa umesagika ungekatwa tu, na sikuwahi kumuuliza mara ya pili kwa sababu nilitaka libaki hivyo.

Sasa sikia. Andika saa kwa ngozi ya mgonjwa na kwa fomu, torniketi usiifunike, na ukifika mshike sista umwonyeshe mahali iko aiguse kwa mkono wake. Hata kama ni mtoto wa juzi. Hata kama hajakusalimu, saa nane ya usiku ana wagonjwa hadi kwa korido, salamu yako anaitoa wapi.

6. Cheti cha BLS, ile kozi ya msingi ya kuokoa maisha, kikiisha usingoje bosi akukumbushe.

7. Mgongo. Sisi si vijana. Mama mzito yuko orofa ya nne, lifti hakuna, usijifanye simba, ita watu wa boda hapo chini, watakuja wote hata kumi. Lakini kabla hamjainua waambieni nani anahesabu na mnainua kwa ngapi, maana kuna siku pale mtaa wa Section 58, Nakuru, wengine waliinua kwa "mbili" na wengine wakangoja "tatu", na huyo mama hadi leo tukipatana sokoni ananiuliza kama nimejua hesabu.