Vijana wasiwe wapambe tu

Umeuliza vijana waingizwe vipi kwenye ushirikiano wa jamii mbili za nchi tofauti bila kuishia kupigwa picha. Mimi ningeanzia kwenye fedha: wapeni fungu la bajeti waliamue wenyewe, hata likiwa dogo. Kijana aliyeitwa kuimba siku ya wageni harudi tena. Aliyeshika daftari la matumizi anarudi, na pengine na maswali yasiyowapendeza wakubwa.

Ufaransa na Ujerumani ziliona hili mapema. Baada ya Mkataba wa Élysée wa 1963, mkataba wao wa urafiki, ziliunda ofisi ya pamoja ya vijana, ikilipiwa na serikali zote mbili, na mamilioni wameshapitia humo. Vita Kuu ya Pili, walimopigana wao kwa wao, vilikuwa vimeisha miaka 18 tu nyuma.

Vijana pia huhama, huoa, hupata kazi. Kwa hiyo kila nafasi iwe na wawili, mzoefu na anayeanza. Ziara ziende pande zote mbili, na viza ziombwe mapema mno, maana ndizo huangusha mipango. Kwa walio chini ya miaka 18, ridhaa ya wazazi iwe ya maandishi.