Umbo kwanza, shanga baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: mwenye baridi yabisi ya miguu avae nini kwenye sherehe? Mmesema limetoka kwa dada mmoja wa Sakina, Arusha, ambaye anafikiria kutokwenda sendofu ya binti wa kaka yake, kwa sababu kiatu pekee kisichomuumiza ni raba. Dada, wewe ni shangazi, na sendofu bila shangazi ni aibu kwa ukoo mzima. Nenda. Mimi naishi Moshi, nina yabisi ya kidole gumba mguu wa kulia na ya kifundo mguu wa kushoto, na bado naingia ukumbini nikiwa nimependeza.

Tumezoea kuutafuta urembo wa kiatu kwenye umbo lake: ncha iliyochongoka, kisigino kirefu, wembamba wa pembeni. Hayo matatu ndiyo yanayotuumiza. Rangi, ngozi laini, shanga, kitenge na bizimu la mkanda linalong'aa haviumizi kiungo chochote. Kwa hiyo acha umbo lifuate mguu wako ulivyo leo, kisha urembo wote uuweke juu yake.

Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26 na viungo 33. Ukivaa mchuchumio, uzito wa mwili unahamia mbele, kwenye mashina ya vidole, na gumba linalazimika kukunjika sana kila unapopiga hatua. Gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, likishalika, kiungo hicho hakitaki kukunjika. Kinachosaidia ni soli nene, ngumu kiasi, iliyoinuka kidogo mbele, ili mguu ubingirike wenyewe. Raba zako zinakufaa kwa sababu nyingi zimetengenezwa hivyo, na kiatu cha sherehe kinaweza kutengenezwa hivyohivyo.

Watu watakushauri uvae simpo, vile viatu bapa visivyo na kisigino. Nakataa kabisa. Simpo nyingi soli yake ni nyembamba kiasi kwamba unahisi kila kokoto, hazishiki kisigino, na ukizikunja zinajikunja katikati kama chapati. Kiatu kizuri ukikishika ncha na kisigino ukakikunja, kinakunjika penye vidole tu, tena kwa shida. Kisigino kipana cha sentimita 3 hivi ni bora kuliko kutokuwa na kisigino kabisa, hasa kama kimeenda sambamba na soli nzima. Kandambili na malapa ya wazi ndiyo usiyaguse, maana vidole vinang'ang'ania muda wote yasichomoke.

Sasa vipimo. Namba ya kiatu pekee haitoshi, kwa sababu haielezi upana. Jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa shughuli za siku, simama juu ya boksi lililofunguliwa, uzito wote uwe mguuni, mtu akuchoree kwa penseli iliyosimama wima. Mguu wa pili pia, kwa kuwa mara nyingi hailingani. Kata ule mchoro, na unapokwenda kununua uutumbukize ndani ya kiatu. Mchoro ukijikunja pembeni, kiatu ni chembamba, hata muuzaji akuapie. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. "Vaa mama, kitaachia" ni maneno utakayosikia kila kibanda. Kiatu cha mgonjwa wa viungo kinatakiwa kuwa kimeachia tangu dukani.

Boksi hilo lina faida kubwa zaidi kwenye mitumba. Pale Memorial, soko letu la mitumba hapa Moshi, balo likifunguliwa asubuhi, vilivyo vizuri vinachaguliwa mapema, na asubuhi ndipo mguu wako uko mdogo kuliko saa zote. Wewe unakuwa na mguu wa jioni mkobani. Mitumba ina viatu vipana vya ngozi, vyenye soli ya ndani inayotoka, ambavyo madukani ni vigumu kuvipata. Kipindue tu uangalie chini: kisigino kikiwa kimelika upande mmoja, kiache, kimeshazoea mwendo wa mtu mwingine.

Ila kwa sendofu mimi ningekwenda kwa fundi. Arusha mna mafundi wa sendo za ngozi zenye shanga za Kimaasai kila kona ya mjini, na wengi wanashona kwa oda. Mpelekee boksi lako. Mwambie unataka mikanda mitatu inayorekebishika, mmoja juu ya vidole, mwingine juu ya mgongo wa mguu, wa tatu nyuma ya kifundo. Ule wa katikati ndio unaozuia mguu kuteleza mbele ukishuka ngazi au mteremko. Sisi tunaoshuka miteremko ya Kibosho wakati wa masika tunaujua umuhimu wake. Vidole vya mikono vikikusumbua kufunga bizimu, aweke mkanda wa kunata na bizimu libaki pambo. Soli ya tairi tupu ni ngumu mno, basi juu yake aweke sponji nzito, kisha ngozi. Ukipenda kiatu cha kufunika, atavalisha kwa kipande cha kitenge cha gauni lako.

Kabla ya yote hayo, kama hujapimwa, pimwa. Gumba linalowaka ghafla usiku huenda ni gauti (jongo), na viungo vinavyokaza kila asubuhi kwa muda mrefu miguu yote miwili vinahitaji dawa, si kiatu peke yake. Na kama wayo umeshapinda, huku Moshi, ndani ya hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981. Wataalamu wa fani hiyo ndio wanaojua kutengeneza soli ya ndani kwa kipimo cha mguu wa mtu. Muulize daktari wako akuelekeze kwao.

Kwa fundi, omba kukijaribu kiatu kabla shanga hazijashonwa, tena iwe jioni. Tembea nacho pale barazani kwake kwa dakika kadhaa, usikubali kukijaribu ukiwa umekaa. Kikigusa mahali, ngozi tupu atailowesha na kuitanua kwenye kalibu, lile umbo la mguu analoshonea. Shanga zikishakaa hawezi tena kuivuta bila kukata nyuzi.