Jibu: Seva inapoteza anwani ya IP ikizimika
Habari mkuu. Umesema seva yako ya Ubuntu hapo Moshi inapoteza anwani ya IP kila umeme ukikatika, ingawa uliiweka kwa amri ya ip addr add. Amri hiyo ni ya muda tu, haiandiki chochote kwenye diski. Kwanza angalia jina halisi la kadi ya mtandao kwa amri ya ip link, usikisie tu kuwa ni eth0. Kisha andika anwani kwenye faili lililomo katika folda ya /etc/netplan (Netplan ni chombo cha Ubuntu cha kupanga mtandao), ukisogeza mistari kwa nafasi, kamwe si kwa kitufe cha Tab. Halafu, tafadhali sana, endesha netplan try badala ya netplan apply, ambayo hutekeleza mabadiliko moja kwa moja: kwa try, ukijifungia nje ya seva, mipangilio ya zamani hurudi baada ya sekunde 120. Mimi nahudumia seva za huko nikiwa Arusha, na amri hiyo imeniepusha na safari nyingi. Ukikuta humo faili la 50-cloud-init.yaml, lililoandikwa na programu ya cloud-init, nakili yaliyomo uyabandike hapa kabla hujaligusa.