Kwa nini kidonge cha fueli kirushwe, kisidondoshwe tu?

Swali: Mwaka 2022 maabara ya NIF kule California ilipata nishati ya muunganiko wa nyuklia, yaani ya viini vya atomi vinapoungana, kwa kupiga kidonge cha fueli kwa leza. Nasikia mtambo wa umeme wa aina hiyo utalazimika kurusha vidonge. Kwa nini visiachwe vidondoke? Na leza italengaje kitu kilicho mbioni?

Jibu: NIF hawakurusha chochote. Kidonge, kipenyo kama milimita 2, kilikaa ndani ya kikopo cha dhahabu kilichoshikiliwa tuli, na miale 192 ikaelekezwa hapo. Mtambo wa umeme hauna nafasi hiyo, kwa sababu unatakiwa kulipua vidonge kama 10 kila sekunde.

Tuseme ukuta wa chumba uko mita 5 kutoka katikati. Kidonge kikidondoka chenyewe kitachukua sekunde 1 kufika, na wakati huo vingine tisa hivi vimeshalipuka mbele yake. Ndani yake mna deuteri na tritiumu (aina nzito za hidrojeni) iliyogandishwa, inayoyeyuka kwenye nyuzi 253 hivi chini ya sifuri, ilhali kuta zina joto la mamia ya nyuzi. Barafu ikilainika upande mmoja, kidonge hakibanwi sawasawa na fueli haiwaki. Kirushe kwa mita 100 kwa sekunde, safari inakwisha kwa sekunde 0.05.

Kasi hiyo haiisumbui leza. Pigo lake ni la nanosekunde (bilioni moja ya sekunde) chache; katika nanosekunde 10 kidonge kinasogea mikroni 1 tu, yaani elfu moja ya milimita. Shida ni kujua kitakuwa wapi. Kikirushwa kwa ulalo, mvutano wa dunia unakishusha sentimita 1.2, na hilo linahesabika mapema. Gesi iliyobaki ya mlipuko uliotangulia ndiyo hukiyumbisha bila taarifa. Kwa hiyo bunduki ya gesi inayokirusha hutakiwa kukifikisha ndani ya milimita chache tu. Kisha mwanga hafifu hukimulika, vihisi husoma kimeto kinachorudi, na vioo hugeuzwa mpaka miale mikuu ikipate kwa kosa la mikroni 20 hivi.

Mimi ningetazama zaidi ala, yaani kifuniko cha kidonge. Ndani ya mtutu kidonge huvikwa ala ili kisisuguke wala kupashwa joto, nayo huvuliwa kabla hakijaingia chumbani. Ikiachia kwa kukisukuma pembeni sentimita 10 tu kwa sekunde, kitafika kimepotoka milimita 5, na vioo haviwezi kurekebisha zaidi ya hapo sana.