Klipu ni ya mgombea, jukwaa ni letu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: wakati wa kampeni, ni vyombo vya habari vinavyoiburuza mitandao ya kijamii, au ni mitandao inayoviburuza vyombo vya habari? Mimi naona vyote viwili vinaburuzwa na mtu wa tatu, naye ni mgombea. Au tuseme kijana wake wa mawasiliano, yule anayekaa kiti cha nyuma cha Prado na kompyuta mapajani.

Nilikuwa mwandishi wa mashinani Kaunti ya Kilifi kwenye kampeni za 2017 na za 2022. Wengi wetu wa mashinani tunalipwa kwa habari iliyotumika. Isiyotumika ni hasara yako. Asubuhi mkutano uko Ganze, mchana Kaloleni, jioni Mariakani, na nauli yote ni ya mfuko wako. Kwa hiyo unapanda gari la msafara wa mgombea. Ukishapanda gari lake, umekula chakula chake na umelala alikolala, kumwandikia vibaya kunahitaji moyo ambao si kila siku unakuwa nao.

Kila msafara una grupu lake la WhatsApp la wanahabari. Mkutano haujavunjika, klipu imeshatua humo: sekunde 40, picha safi kuliko yangu, sauti imechukuliwa kwenye mitambo ya jukwaani, na chini yake aya tatu zilizokwisha kuandikwa kigazeti, kichwa cha habari kikiwamo. Wakati huohuo imewekwa kwenye Facebook na TikTok za mgombea. Taarifa ya saa moja usiku ikifika, klipu ni ileile. Mtazamaji aliyeiona mchana kwenye simu anaiona tena usiku kwenye runinga, na anasema, kumbe ni kweli. Yeye anahesabu mashahidi wawili, na aliyesema ni mmoja.

Hata umati unaouona una fundi wake. Wajuzi wa misafara hawapendi uwanja wa mpira, kwa sababu uwanja unaonyesha mapengo. Wanapenda barabara nyembamba karibu na soko, siku ya soko, saa ambayo watu wangekuwapo hata mgombea asipokuja. Gari linasimama katikati, mheshimiwa anachomoza kwenye paa, droni inapaa. Mama aliyekuja kununua dagaa anageuka kuwa mfuasi sugu. Ukitazama klipu za namna hiyo kwa makini utaona watu wa pembeni wamebeba vikapu na wanatafuta njia ya kupita.

Nitoe mfano mmoja wa jinsi simu ilivyoingia chumba cha habari. Mwaka 2022 mgombea mmoja wa kiti cha kaunti alizungumzia maji kwa muda mrefu. Alitaja bomba, akataja litaanzia wapi na litaishia wapi, na, ajabu kwa mwanasiasa, akataja gharama. Alipokuwa anamaliza akamrushia mpinzani wake kijembe kuhusu kitambi. Umati ukaangua kicheko. Nikatuma habari ya bomba. Simu ikaja kutoka dawatini: "Hiyo ya kitambi unayo?" Nilikuwa nayo, nikaituma, na ndiyo iliyotumika. Yule mhariri simlaumu sana. Mbele yake kuna skrini inayomwambia ni watu wangapi wamefungua habari gani dakika hii, na bomba halijawahi kukishinda kitambi.

Mahali pekee ambapo kijana wa Prado hana makasi ni kwenye mdahalo. Ndiyo maana midahalo imekimbiwa. Mwaka 2013 wagombea urais wote wanane walisimama jukwaa moja, nchi nzima ikitazama. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Mwaka 2022 zamu ikabadilika: Raila ndiye aliyekosa, William Ruto akabaki na waongozaji wawili kwa saa moja u nusu. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, lakini mimi nasoma hesabu moja. Mwenye kurasa zake mwenyewe, na vituo vinavyomrusha mubashara bure kila mkutano, ajipeleke kuulizwa maswali ya nini?

Wanaosema magazeti yamekufa wanijibu hili: mbona waongo wa mtandaoni wanahangaika kutengeneza kurasa za mbele bandia? Kampeni za 2022 zilijaa hizo, zenye nembo na herufi za gazeti lenyewe, hadi magazeti yakawa yanazigonga muhuri mwekundu wa FAKE na kuzirudisha mtandaoni. Hakuna anayeghushi noti isiyonunua kitu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi, la Agosti 2022. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilifanya jambo ambalo lilistahili kuwa zawadi kwa wanahabari: iliweka picha za Fomu 34A, fomu za matokeo ya urais ya kila kituo cha kupigia kura, kwenye tovuti iliyo wazi kwa yeyote. Vituo vilikuwa zaidi ya 46,000. Fomu imejazwa kwa kalamu. Saba ya huyu inafanana na moja ya yule. Lazima mtu aifungue, aisome, aingize tarakimu, mwenzake ahakiki, waende nyingine. Kazi hiyo msambazaji wa klipu haiwezi. Inataka chumba, watu, zamu na chai ya usiku, yaani inataka chombo cha habari.

Walianza vizuri. Lakini kila kituo cha runinga kilianza na fomu zake, kwa mpangilio wake. Ikawa saa hiyohiyo runinga hii Ruto anaongoza, ile Raila yuko mbele, na wote wanasoma fomu za tovuti moja. Maelezo yake ni mepesi: aliyeanza na fomu za Bonde la Ufa, ngome ya Ruto, na aliyeanza na za Nyanza, ngome ya Raila, hawawezi kufanana usiku wa kwanza. Maelezo hayo hayakumfikia mtazamaji. Huku kwetu kila mrengo ukachagua runinga yake, na ile nyingine ikaitwa imenunuliwa. Kisha, siku mbili hivi baada ya kura ya tarehe 9, vituo vya runinga vikaanza kupunguza kasi, na baadhi vikaacha kabisa kabla ya kumaliza. Tukabaki hadi tarehe 15, ukumbini Bomas, Nairobi, mwenyekiti wa IEBC Wafula Chebukati aliposoma Ruto asilimia 50.49 na Raila 48.85, huku makamishna wanne wakiyakana matokeo hayo hotelini. Siku zile za katikati nani alitujumlishia? Watu wa mtandaoni, kila mmoja na jedwali lake, mengine ya kweli, mengine ya kupikwa.

Najua wahariri watakachojibu: waliogopa kuwasha moto. Kumbukumbu ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ni nzito na siidharau. Lakini tukumbuke pia kwamba Desemba 30 mwaka ule serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na jumbe fupi za chuki zikaendelea kupita simu kwa simu bila mtu wa kuzikanusha. Januari 2018, siku Raila alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi" pale Uhuru Park, serikali ilizima NTV, KTN na Citizen. Watu walihamia intaneti, wakatazama huko.

Wala simu si adui. Juni 2024 vijana waliuchukua Mswada wa Fedha, ule wa serikali wa kuongeza kodi, wenyewe, wakaufafanua kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, wakaujadili usiku kucha kwenye X, wakautafsiri kwa lugha za mama zao. Baada ya watu kuuawa kwenye maandamano ya kuupinga, na waandamanaji kuingia Bungeni tarehe 25, Rais alisema kesho yake kwamba hatautia saini. Kwa wiki kadhaa wanasiasa ndio waliokuwa wakikimbilia kujibu, kwa sababu kilichokuwa kinazunguka mtandaoni kilikuwa waraka wao wenyewe na si klipu waliyoikata wao.

Kwa hiyo wahariri wakitaka kuongoza kwenye uchaguzi wa Agosti 2027, kazi ni ya sasa. Wakubaliane mapema kujumlisha fomu pamoja, chumba kimoja, mpangilio mmoja, na skrini ionyeshe kwa herufi kubwa fomu ngapi zimeingizwa na kutoka wapi. Na wawalipie nauli waandishi wa mashinani, ili Ganze waende kwa matatu.

Msomaji wenu, Kilifi